MBONA HALII? Somo kwa vikundi juu ya jeraha lisiloonekana



Somo la mara hii ni zito kuliko lile la ufugaji wa kuku na lile la kuweka hesabu. Tumelichelewesha kwa muda, na heri tuseme ukweli: tulikuwa tunaona haya. Ni somo juu ya watu waliobakwa, na juu yetu sisi tunaoishi nao. Lisomeni polepole. Kama mkutano mmoja hautoshi, tumieni miwili.

Kabla ya kuanza, kiongozi wa somo awaambie wote hivi: katika kikundi chochote, huenda ameketi mtu aliyepatwa na jambo hili na hakuna anayejua. Kwa hiyo hakuna atakayeulizwa habari zake, na hakuna atakayetaja jina la mtu wa kijiji. Mtu akitaka kutoka nje kupunga hewa, atoke. Chagueni mapema mama mmoja mwenye busara ambaye atakaa karibu naye bila kumhoji.

Tutasema "mama" mara nyingi katika somo hili, lakini tukumbuke kwamba wanaume na wavulana pia hubakwa. Wao huficha hata zaidi.

KISA CHETU WENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika kazi ya parokia, mama mmoja wa kikundi cha akina mama alitujia ofisini Jumanne asubuhi. Hatutataja jina wala kijiji. Aliketi, akaweka kikapu chini, akatuambia kwamba Jumapili jioni, akitoka kumwona mgonjwa, mtu alimkamata njiani akambaka. Aliyasema hayo kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kueleza bei ya mahindi. Hakulia. Hakutetemeka. Alipomaliza akaitengeneza leso yake, akanyamaza.

Sisi tulikuwa wawili, wote tumesomea kazi hii na vyeti vyetu viko ukutani. Tukatazamana. Mmoja wetu akauliza, "Na mbona hukupiga kelele, na nyumba ziko karibu?" Mama akasema, "Sijui." Tukauliza mbona alikaa Jumatatu nzima bila kumwambia mtu. Akasema tena, "Sijui." Tukaandika katika daftari, tukamwambia tutafuatilia. Alipoondoka tukaambiana maneno ambayo leo tunayaandika kwa aibu: "Huyu kuna kitu anaficha. Mtu aliyepatwa na jambo kama hilo hawezi kutulia hivyo."

Hakurudi ofisini. Hakurudi hata kwenye kikundi. Mchango wake wa shilingi 1,400 ulibaki kwa mweka hazina, na zamu yake ya kupokea ilipofika, jina liliitwa mara tatu, kimya. Wenzake wakasema ameanza maringo.

Tulikuwa tumekosea, na tulikosea kwa sababu tulidhani tunajua mtu aliyeumia anafanana vipi. Kumbe kuna watu waliokwisha kulichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Hebu tuone walipata nini. Tutafuata maswali manne, yaleyale ambayo watu huuliza kisimani na sokoni.

Maswali ya kujadili kwanza:
1. Mama yule alipotujia, alihitaji nini kutoka kwetu?
2. Sisi tulimpa nini?
3. Je, angekuja kwenye kikundi chenu, angepokewaje?

SWALI LA KWANZA: "MBONA HALII?"

Mwaka 1972, katika mji wa Boston kule Marekani, wanawake wawili waliungana kufanya uchunguzi. Mmoja ni Ann Burgess, muuguzi wa wagonjwa wa akili. Mwingine ni Lynda Holmstrom, msomi wa mambo ya jamii. Wote walifundisha katika chuo kikuu cha Boston College, ambacho ni chuo cha mapadri Wajesuiti. Waliona kwamba vitabu vya wakati ule vilisema machache sana juu ya mtu aliyebakwa, na mengi ya hayo machache yaliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuketi naye.

Wao wakaamua kuketi naye. Kuanzia Julai 1972 mpaka Julai 1973, kila mtu aliyefikishwa hospitali kubwa ya mji huo akisema amebakwa, wauguzi waliwapigia simu, na wao wakaenda mara moja, iwe mchana au usiku wa manane. Walikaa naye hapo hospitalini, na baadaye waliendelea kumpigia simu au kumtembelea nyumbani. Kwa mwaka mmoja walionana na watu 146. Kati yao, wanawake watu wazima waliobakwa walikuwa 92. Mwaka 1974 wakaandika waliyoyaona katika gazeti la madaktari wa akili, na andiko lile limesomwa dunia nzima.

Waliona nini? Katika saa za kwanza, wanawake wale walikuwa wa aina mbili. Wengine walilia, walitetemeka, walishindwa kukaa mahali pamoja, au hata walicheka bila sababu. Wengine walikuwa watulivu kabisa. Walijibu maswali kwa sauti ya kawaida, uso mkavu. Na sikilizeni vizuri hapa: idadi ya aina hizi mbili ilikaribiana. Karibu nusu yao hawakuonyesha machozi. Na wote walikuwa wameumia.

Basi ule utulivu ni nini? Ni njia ya mwili na akili kujishikilia ili mtu asivunjike mbele za watu. Mara nyingine ni uchovu, kwa sababu hajalala. Mara nyingine akili bado haijaamini kilichotokea. Sisi wenyewe tumewahi kuona jambo hili matangani: mjane anapokea wageni, anaagiza maji ya chai, anauliza kama watu wa mbali wamepata pa kulala. Hakuna anayesema hakumpenda mumewe. Tunasema, "Ngoja wageni waondoke." Mbona mama aliyebakwa hatumpi heshima hiyo hiyo?

Burgess na Holmstrom waliona pia kwamba jeraha hili hukaa ndani ya mwili. Wanawake wale walieleza maumivu ya kichwa na ya tumbo, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kushtuka kwa kelele ndogo. Na juu ya yote waliona hofu, na kujilaumu. Basi mama akienda dispensari kila wiki na tumbo ambalo halionekani ugonjwa, tusikimbilie kusema anajidekeza.

SWALI LA PILI: "MBONA HAKUPIGA KELELE?"

Swali hili ndilo tuliloliuliza sisi. Ndilo huulizwa na wazee, na hata na akina mama wenzake. Maana yake ni: kama hukupiga kelele, basi ulikubali.

Tuanze na jambo mnalolijua. Kuku akikamatwa na kushikwa chini kwa nguvu, hupigapiga mabawa kwanza, halafu hutulia ghafla. Ukimwachia, mara nyingine hubaki palepale amelala, macho wazi, kana kwamba amekufa. Hajakubali kuchinjwa. Mwili wake umeganda kwa hofu. Mungu ameumba viumbe wengi hivyo, na binadamu naye anayo hali hiyo.

Huko Uswidi, katika mji wa Stockholm, kuna kliniki ya dharura kwa wanawake waliobakwa. Watafiti waliwauliza wanawake 298 waliofika pale ndani ya mwezi mmoja tangu wabakwe. Waliwauliza: wakati ule, mwili wako ulikuwaje? Uliweza kusogea? Uliweza kutoa sauti? Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Katika kila wanawake 100, kama 70 walisema waliganda kwa kiasi kikubwa, na kati ya hao 70, wapo kama 48 ambao waliganda kabisa. Walitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Walitaka kusukuma na mikono haikutii.

Watafiti hao waliwaona tena wanawake 189 baada ya miezi sita. Wale walioganda walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kiwewe na huzuni nzito. Inaeleweka kwa nini. Mtu huyu anajiuliza kila usiku, "Mbona sikupigana?" Halafu anakuja kwetu na sisi tunamuuliza swali lilelile. Tunamwongezea mzigo juu ya mzigo.

Mama yule alitujibu, "Sijui." Sasa tunaamini kwamba lile lilikuwa jibu la kweli.

SWALI LA TATU: "MBONA HAJASAHAU MPAKA LEO?"

Wale wawili wa Boston hawakuishia mwaka ule mmoja. Baada ya miaka minne mpaka sita waliwatafuta tena wanawake wale 92, wakawapata 81. Wakawauliza: je, unajiona umepona, umerudi kuwa wewe? Katika kila 100, kama 37 walisema walipona ndani ya miezi. Wengine kama 37 walisema walipona, lakini iliwachukua miaka. Na 26 walisema bado.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kupona kuko, na wengi hupona. Tusimwambie mtu kwamba maisha yake yamekwisha. La pili, muda peke yake hautoshi kwa wote. Mtu mmoja kati ya wanne alikuwa bado anaumwa baada ya miaka minne na zaidi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "sahau, songa mbele" ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika atembee haraka ili apone.

Dalili za jeraha ambalo halijapona zinajulikana. Mtu anaota jambo lile usiku, au linamjia mchana kana kwamba linatokea sasa. Anaepuka njia fulani, au watu, au hata harufu inayomkumbusha. Anakuwa macho wakati wote, anashtuka, anakasirika upesi. Anajitenga. Anaona kwamba yeye ni mchafu au hana maana. Mtu asiyejua ataona tu mama ambaye siku hizi hasalimii watu vizuri, aliyeacha shamba likaota magugu na hafiki kwenye mkutano. Atamwita mvivu, au ataliita jambo lile maringo. Ndivyo sisi tulivyofanya.

SWALI LA NNE: "NA WATU WA KIJIJINI WATAFANYA NINI?"

Mtu atasema: haya yote ni ya Boston na Stockholm, kwenye mahospitali makubwa. Sisi hapa daktari wa akili yuko mbali, na nauli hakuna. Swali hilo ni la haki. Jibu lake tumelipata karibu na kwetu, mashariki ya Congo, upande wa Kivu, ambako watu wengi wanazungumza Kiswahili kama sisi.

Huko vita vimeendelea kwa miaka mingi, na wanawake wengi wamebakwa na watu wenye silaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na cha Washington, vyote vya Marekani, pamoja na shirika la misaada la IRC, walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo inaweza kufanya kazi kijijini, mahali ambapo wengi hawajui kusoma na usalama haujarudi. Mwaka 2011 walifanya kazi katika vijiji 15. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba ya kikundi. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida: mshauri alikuwepo, na kila mmoja aliweza kumwendea peke yake akitaka. Wote walikuwa wamepatwa na ukatili huu au kuushuhudia, na wote walikuwa na dalili nzito.

Washauri wenyewe hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Congo waliosoma kiasi cha sekondari, wenye uzoefu wa kuwasaidia wenzao. Wale wa tiba ya kikundi walifundishwa kama wiki mbili, kisha wakawa wanasimamiwa kila wiki. Kila mwanamke alionana na mshauri mara moja peke yake, halafu wakakutana kikundi kidogo mara 11. Kwa sababu wengi hawakujua kuandika, masomo yalirahisishwa ili waweze kuyashika kwa kichwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba kwisha, katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida, wanawake 42 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Katika vijiji vya tiba ya kikundi walikuwa 9 tu. Kiwewe nacho kilipungua vivyo hivyo. Tuseme pia upande wa pili: si wanawake wote waliopimwa mpaka mwisho, katika kundi la tiba waliopimwa mara zote tatu ni 65 katika kila 100, na katika lile lingine 52. Vita na umaskini vinahamisha watu. Lakini tofauti ilikuwa kubwa, haiwezi kupuuzwa.

Ndani ya vikundi vile walifanya nini? Watu wengi hudhani tiba ya mazungumzo ni kumfanya mtu asimulie yote mbele ya wenzake. Sivyo. Kule Congo hawakulazimishwa kusimulia kisa chenyewe. Walijifunza kuyatambua mawazo yaliyokwama. Njia hii ilianzishwa na Patricia Resick, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alipokuwa akiwasaidia waliobakwa. Yeye aliona kwamba baada ya mkasa, wazo fulani humkwama mtu kama mfupa wa samaki kooni: halishuki, halitoki, na kila akimeza linamchoma.

Mfano: "Ningepita njia ya juu, haingetokea. Kwa hiyo ni makosa yangu." Kikundi hakimwambii, "Acha mawazo hayo." Kinalichambua wazo pamoja naye. Ulipopita njia ya chini, ulikuwa na nia gani? Umepita njia hiyo mara ngapi? Nani mwingine hupita hapo? Na siku ile, ni nani aliyeamua kutenda ubaya? Polepole mtu anaona kwamba kuchagua njia ni jambo moja, na kubaka ni jambo jingine, na lililo la pili si lake.

Resick alionyesha sehemu tano ambazo mawazo hukwama: usalama ("hakuna mahali salama tena"), kuaminiana ("siwezi kumwamini mtu yeyote"), uwezo ("sina nguvu juu ya maisha yangu"), heshima ("mimi si kitu") na ukaribu ("siwezi kupendwa tena"). Tazameni hizo tano. Kikundi chema kinaweza kuzigusa zote kwa mambo ya kila siku: kumsindikiza mtu jioni, kutunza siri, kumwachia aamue mwenyewe, kumpa kazi ya maana, kumkaribisha kama zamani.

Lakini tahadhari. Tiba ile inafanywa na mtu aliyefundishwa na anayesimamiwa. Somo hili halikufanyi kuwa mshauri wa tiba. Msianze kukaa duara na kumwambia mama, "Haya, tueleze yote utapona." Mnaweza kumrudisha ndani ya moto. Kazi ya kikundi ni ile ya kwanza: kumpokea, kumfikisha, na kutomwacha.

SASA TUTENDE NINI?

Mtu akikujia na habari hii, fuata mambo haya:

1. Mwamini, na umwambie hivyo. Maneno machache yanatosha: "Pole sana. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usiulize mbona. Neno "mbona" liache nyumbani.

2. Mfikishe hospitali upesi. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na heri mapema zaidi, kisha humezwa kwa siku 28. Kuna pia dawa za magonjwa mengine, na mambo ya mimba muuguzi atamweleza. Mama yule alipotujia, saa 72 zilikuwa bado. Zilikuwa zimebaki zaidi ya 30, na sisi tulizitumia kuuliza maswali.

3. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, kama inawezekana. Nguo ziwekwe katika karatasi au mfuko wa karatasi, zisiwekwe katika plastiki, kwa maana zitaoza na ushahidi utapotea. Lakini kama amekwisha kuoga, bado aende. Asirudishwe kwa sababu hiyo.

4. Hospitali ya serikali humtibu bure. Hiyo ni haki yake kwa sheria. Si lazima apitie polisi kwanza ndipo atibiwe. Akiwa huko, daktari ajaze fomu ya huduma baada ya kubakwa. Polisi nao hutoa namba ya OB na fomu ya P3. Mtu wa kikundi amsindikize, kwa sababu safari hiyo ni ndefu kwa mtu aliye peke yake.

5. Jambo lisimalizwe chini ya mti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzee, wala chifu, wala askari wa kituo uwezo wa kuifuta kesi ya namna hii. Uamuzi wa kuisimamisha ni wa mkuu wa mashtaka wa serikali. Mbuzi wawili na kreti ya soda haviponyi jeraha hili. Vinamwambia mama bei yake.

6. Uamuzi uwe wake. Kama ni mtu mzima, yeye ndiye ataamua nani aambiwe na lini. Alinyang'anywa uwezo mara moja. Sisi tusimnyang'anye mara ya pili. Lakini akiwa mtoto, hakuna kungoja: ni lazima alindwe na habari ipelekwe.

7. Tunza siri. Usimwambie hata mume au mke wako. Kikundi kinachovuja hakiwezi kumponya mtu.

8. Usimwache baada ya wiki ya kwanza. Watu wengi hufika mwanzoni na kupotea. Wiki ya sita, mwezi wa nne, hapo ndipo anahitaji mtu wa kupalilia naye. Ukiona ndoto mbaya, kujitenga au huzuni haviishi, msaidie kumfikia mshauri. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata saa moja; mpeleke hospitali.

Simu za bure: namba 1195 kwa mtu yeyote aliyetendewa ukatili wa kijinsia, na namba 116 kwa mambo ya watoto. Andikeni namba hizi nyuma ya kitabu cha kikundi.

TULIVYORUDI KWA YULE MAMA

Baada ya kujifunza haya, tulikwenda nyumbani kwake, sisi wawili na mweka hazina wa kikundi. Tulimkuta akipukuchua mahindi. Tukamwambia kwamba siku ile alisema kweli, na sisi tulikosea, na tumekuja kuomba msamaha. Mweka hazina akaweka zile shilingi 1,400 juu ya kigoda.

Mama hakusema ametusamehe, na sisi hatukumwomba aseme. Aliendelea kupukuchua. Baadaye akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo si mimi peke yangu ambaye sauti ilikataa?" Tukamwambia si yeye peke yake. Wako wengi. Ndipo akaacha mahindi, akafunika uso kwa leso, akalia kwa muda mrefu. Mweka hazina alisogea akaketi karibu naye. Hakuna aliyezungumza.

Alimpata mshauri baadaye, katika hospitali moja ya misheni, na ilimchukua zaidi ya mwaka. Kikundini alirudi kwa kuchelewa, akaketi karibu na mlango. Leo bado huketi karibu na mlango. Wenzake wanajua wamwachie kiti hicho.

MASWALI YA KUJADILI (katika vikundi vidogo vya watu wanne au watano)

1. Katika kijiji chetu, watu husema maneno gani juu ya mtu aliyebakwa? Yaandikeni. Ni yapi yanaponya na ni yapi yanaumiza?
2. Kati ya yale mawazo matano yanayokwama (usalama, kuaminiana, uwezo, heshima, ukaribu), kikundi chetu kinaweza kusaidia wapi? Kwa tendo gani?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kutunza siri? Tutajuaje? Tukivujisha, tutafanya nini?
4. Wanaume wa kikundi: mwana wetu au ndugu yetu akiwa ndiye mtenda kosa, tutasimama upande gani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili, mama mmoja na mzee mmoja, waende mpaka hospitali iliyo karibu. Waulize: dawa za saa 72 zipo? Hutolewa saa zote, au mchana tu? Nani hujaza fomu? Mshauri yuko siku gani? Waulize pia nauli ya bodaboda usiku ni kiasi gani, na kikundi kitenge kiasi hicho katika mfuko wa dharura. Pesa hizo zisikopeshwe mtu kwa jambo lingine.

Jibu lao lisomwe mbele ya wote na kuandikwa katika kitabu. Siku mtu atakapokuja, saa zitakuwa zinakimbia, na hakutakuwa na wakati wa kuanza kuuliza.